Cunaxa, 401 KK: Vita vya Ndugu Wawili na Jibu la Ariaeus

Mapema mwezi Septemba mwaka 401 KK, kando ya Mto Frati, si mbali na Babiloni, ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja walipambana kugombea kiti cha enzi cha Uajemi. Mkubwa, Artaxerxes II, alikuwa ametawala kwa miaka mitatu hivi. Mdogo wake, Cyrus, alikuwa ametoka Sardis, magharibi mwa nchi tunayoiita leo Uturuki, akiongoza jeshi la watu wa Asia pamoja na mamluki wa Kigiriki wapatao 13,000. Huyu si Koreshi wa Biblia. Yule aliyewaruhusu Wayahudi kurudi Yerusalemu ndiye mwasisi wa dola hiyo, na alikuwa amekwisha kufa karibu miaka 130 kabla. Siku ile haikuisha Cyrus kijana akiwa hai. Mamluki wake walikuwa wamewafukuza adui upande wao, na hata usiku ulipoingia hawakujua kwamba aliyewaajiri amekufa. Kwa kuwa simulizi kubwa tuliyo nayo iliandikwa na mmoja wao, Xenophon wa Athens, dunia imezoea kuyaona mapigano ya Cunaxa kama ushahidi kwamba Wagiriki walikuwa hodari na dola ya Waajemi ilikuwa imekwisha kuoza ndani. Ushahidi huohuo, ukisomwa kwa makini, unasema jambo jingine. Cyrus alijaribu kununua kwa fedha, kutoka kwa wageni, kitu ambacho Uajemi kilipatikana kwa njia moja tu: ridhaa ya wakuu wa nchi. Alikikosa kabla hajaufikia mto.

Uajemi wa enzi ile haukuwa na sheria iliyotaja nani arithi. Mfalme ndiye aliyemteua mrithi wake, na desturi ilimwelekea mwana mkubwa wa mke mwenye heshima, lakini desturi ilipindika. Mfalme Xerxes I, katika maandishi yake ya Persepolis, anasema waziwazi kwamba baba yake, Darius I, alikuwa na wana wengine, ila kwa mapenzi ya Mungu wao Ahura Mazda baba alimfanya yeye kuwa mkuu baada yake. Mtu hawezi kujisifu hivyo katika nchi ambayo mzaliwa wa kwanza hurithi bila swali. Herodotus naye anasimulia kwamba Xerxes alimshinda kaka yake wa baba mmoja, Artobazanes, kwa hoja kwamba yeye alizaliwa baba yao akiwa tayari mfalme. Herodotus huyohuyo anaongeza, na msomaji asiipite nyongeza hiyo haraka, kwamba kwa maoni yake Xerxes angetawala hata bila hoja ile, kwa sababu mama yake Atossa alikuwa na nguvu zote. Hoja za kuzaliwa zilikuwa mapambo tu. Uzito ulikuwa kwa watu waliosimama nyuma ya mgombea.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa baba mwenyewe wa Cyrus na Artaxerxes II. Artaxerxes I alipofariki kuelekea mwisho wa mwaka 424 KK, mwanawe Xerxes II alikaa kitini siku 45 tu akauawa na ndugu yake wa baba, Sogdianus. Huyo naye hakumaliza mwaka. Ochus, mwana mwingine wa mfalme, aliyezaliwa na suria kutoka Babiloni, aliitwa barazani akawa anaahirisha safari huku akikusanya watu. Kwa mujibu wa Ctesias, tabibu wa Kigiriki aliyelitumikia jumba la Waajemi, mambo yalibadilika pale Arbarius, mkuu wa wapanda farasi wa Sogdianus, alipohama upande, akafuatwa na liwali wa Misri na bwana mmoja mkubwa aitwaye Artoxares. Wakamvika Ochus taji, naye akajiita Darius II. Ctesias hupenda hadithi za kusisimua kuliko inavyomfaa mwanahistoria, lakini hapa hayuko peke yake. Liwali wa Misri anajulikana kwa barua za Kiaramu zilizobaki hadi leo, nazo zinamwonyesha akiwa na mashamba hadi Babiloni kwenyewe. Katika kumbukumbu za wafanyabiashara wa ukoo wa Murashu, mjini Nippur, wenye viwanja vya kijeshi wanaonekana wakiweka rehani ardhi yao kwa wingi katika mwaka wa kwanza wa Darius II. Mwanahistoria Matthew Stolper ameeleza kwamba huenda walikuwa wakitafuta fedha za kujiandaa kwa wito wa jeshi. Wala mabamba ya udongo ya Babiloni hayamtambui Xerxes II wala Sogdianus. Tarehe za mabamba hayo zinatoka kwa Artaxerxes I moja kwa moja hadi kwa Darius II. Mtoto wa suria alishinda bila pambano kubwa tunalolijua, kwa kuwa mkuu wa farasi, liwali wa jimbo tajiri na watu wa baraza walimkubali. Hivyo ndivyo kiti kilivyotwaliwa.

Cyrus alikulia katika nyumba iliyopata utawala kwa njia hiyo, na hapana shaka alijua habari yake yote. Mama yake, Parysatis, alimpenda kuliko kaka yake, na alikuwa mwanamke mwenye mali na usemi. Hoja ya kuzaliwa baba akiwa mfalme ilimfaa vilevile, maana Artaxerxes alizaliwa kabla ya Darius II kutawala na Cyrus baadaye. Lakini baba yao alipokufa mwaka 404 KK, kiti alimwachia mkubwa. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa enzi ya Warumi, anasimulia kwamba katika sherehe za kutawazwa kule Pasargadae, katika nchi ya Fars, jimbo lenye mji wa Shiraz ambao jina lake linajulikana sana pwani ya Afrika Mashariki, Cyrus alishtakiwa kwamba anapanga kumuua ndugu yake. Nyuma ya mashtaka alikuwa Tissaphernes, liwali aliyekuwa akishindana naye huko magharibi. Mama aliingilia kati, kijana akasamehewa na kurudishwa Sardis. Xenophon anasema aliondoka akiwa amekata shauri kwamba hatakuwa chini ya ndugu yake tena.

Huko Sardis Cyrus alikuwa na kila kitu ambacho fedha huweza kuleta. Tangu mwaka 407 KK hivi alikuwa ametumwa na baba yake kuwa mkuu wa majeshi wa Lydia, Phrygia na Cappadocia, na fedha zake ndizo zilizolipa mishahara ya mabaharia wa jemadari wa Kisparta, Lysander, hata Sparta ikaivunja Athens mwaka 404 KK. Vita hivyo vilipokwisha, Ugiriki ilijaa wanaume waliozoea mikuki na wasiokuwa na kazi. Cyrus aliwakodi kwa mafungu, kila fungu chini ya jemadari wake na kwa kisingizio chake: hapa ni kuilinda miji ya Ionia dhidi ya Tissaphernes, pale ni kupigana na Wathrakia, kule ni kumsaidia rafiki wa Thessaly. Jeshi lilipoanza safari mwaka 401 KK, askari waliambiwa wanakwenda kuwaadhibu Wapisidia, watu wa milimani waliokuwa wakisumbua jimbo lake. Walipofika Tarsus wakaanza kunusa ukweli na kugoma, wakaongezewa mshahara kutoka dariki moja ya dhahabu kwa mwezi hadi moja na nusu. Ni pale tu walipofika Thapsacus, kwenye kivuko cha Frati, ndipo walipoambiwa wazi kwamba wanakwenda kupigana na mfalme.

Wengi husifu usiri huu kama werevu wa kijeshi, na kwa sehemu ulikuwa werevu. Lakini linganisha na baba yake. Ochus alikaa mahali pake na wakuu wakamjia. Mwanawe ilimbidi ajifiche hata kwa askari wake mwenyewe, kwa sababu neno lingetoka mapema lisingemletea marafiki bali maadui. Tazama pia waliomzunguka njiani. Syennesis, mtawala wa Kilikia, alimpa fedha, lakini mwanahistoria Diodorus anasema alimtuma mwana mmoja kwa Cyrus na mwingine kwa mfalme, ili yeyote atakayeshinda amkute rafiki. Karibu na Tyana, Cyrus aliwaua Waajemi wawili wa cheo kwa kushukiwa njama. Huko Siria jumba na bustani ya liwali Belesys viliteketezwa, jambo ambalo mgombea hamfanyii mtu aliye upande wake. Abrocomas, aliyekuwa na jeshi kubwa Foinike, alichoma mashua za kivuko ili Cyrus asivuke, akaenda kujiunga na mfalme. Na Orontas, mtu wa ukoo wa kifalme, aliomba apewe wapanda farasi 1,000 eti akawatimue askari wa mfalme waliokuwa wakichoma majani mbele ya jeshi, kumbe alikwisha kumwandikia mfalme barua kwamba anahamia kwake. Barua ikanaswa, Orontas akahukumiwa hemani na Waajemi saba wenye heshima kuliko wote kambini pamoja na Clearchus wa Sparta, jemadari wa mamluki, na hakuna aliyemwona tena akiwa hai.

Hadithi moja ya Xenophon hunishangaza kila mara kwa jinsi inavyopitwa. Kabla ya mapigano, mtu mmoja kutoka Samos alimwambia Cyrus kwamba watu wanasema ahadi zake ni nyingi kwa sababu yuko hatarini, na baadaye atazisahau. Cyrus akajibu kwamba dola ya baba yake inaenea kusini hadi joto linapowazuia watu kuishi na kaskazini hadi baridi inapowazuia; majimbo yaliyo katikati yako mikononi mwa marafiki wa ndugu yake, na akishinda atayagawa kwa marafiki zake. Hofu yake, alisema, haikuwa kukosa cha kuwapa rafiki zake, ila kukosa rafiki wa kutosha wa kuwapa. Xenophon aliandika maneno hayo kuonyesha ukarimu wa bwana wake. Kwangu ni ungamo. Siku chache kabla ya vita, mgombea anakiri kwamba majimbo yote yanashikwa na watu wa upande wa pili, na kwamba hana wa kuwaweka mahali pao.

Atakayenipinga atanionyesha sifa ambazo Xenophon anazimimina baada ya kifo cha Cyrus, pale anaposema kwamba wengi walihama kutoka kwa mfalme kwenda kwake, na kwamba hakuna aliyehama kutoka kwake isipokuwa Orontas. Sifa hizo ni za kweli kwa kiasi fulani, maana kijana alikuwa mkarimu, mpenda kutimiza ahadi na jasiri, na Waajemi walioishi naye mezani walikufa juu ya mwili wake. Lakini rambirambi si orodha ya askari. Xenophon huwataja watu wengi kwa majina, na hata hivyo katika simulizi yake yote hamtaji liwali hata mmoja wa jimbo kubwa aliyeleta jeshi lake kwa Cyrus. Wapo waliokimbia barazani kwa hofu au kwa mapenzi. Nguzo za dola hazikuhama. Na yule Orontas mmoja ana uzito mkubwa, kwa kuwa alikuwa tayari ndani ya kambi, alikuwa wa damu ya kifalme, na bado aliona usalama wake uko kwa Artaxerxes.

Pambano lenyewe lilianza alasiri. Hesabu za majeshi tulizopokea hazishikiki: Xenophon anataja watu 900,000 upande wa mfalme, Ctesias 400,000, na wanahistoria wa leo wanazipunguza zote mbili sana. Mpangilio ndio tunaoweza kuuamini zaidi. Wagiriki walikuwa kulia, wakiwa wameegemea mto. Katikati alikuwa Cyrus na wapanda farasi 600 wenye deraya, na kushoto rafiki yake Ariaeus akiongoza askari wa Asia. Mstari wa mfalme ulikuwa mrefu kiasi kwamba katikati yake, alipokuwa Artaxerxes, ilikuwa nje ya ubavu wa kushoto wa Cyrus. Cyrus alimwamuru Clearchus awapeleke Wagiriki moja kwa moja kumkabili mfalme, akisema wakishinda pale kazi imekwisha. Clearchus akakataa kuuacha mto kwa kuogopa kuzungukwa. Plutarch anamlaumu kwa kuipoteza siku ile, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini Clearchus alitenda kama atendavyo mtu aliyekodiwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwarudisha watu wake wakiwa hai. Kiti cha Uajemi hakikuwa chake, wala cha ndugu zake. Mwajemi aliyeweka ukoo wake rehani kwa ajili ya Cyrus angekata mshazari uwanja mzima kumfikia mfalme, na Cyrus hakuwa na Waajemi wa namna hiyo wa kutosha kujaza mstari.

Wagiriki wakasonga mbele wakiimba, magari ya farasi yenye mundu yakapita katikati yao bila madhara makubwa, na askari waliokuwa mbele yao wakakimbia. Wapanda farasi wa Tissaphernes peke yao hawakukimbia. Walipenya kando ya mto na kutokea nyuma. Cyrus alipoona mfalme anageuza ubavu ili amzunguke, alishambulia na watu wake 600, akawavunja walinzi 6,000 na kumuua mkuu wao Artagerses. Watu wake wakatawanyika wakifukuza, akabaki na wachache. Akamwona ndugu yake, akamrukia, akamjeruhi kifuani kupitia deraya, na wakati huohuo mkuki wa kutupwa ukampata chini ya jicho. Kidonda cha mfalme kilitibiwa na Ctesias, kwa hiyo tuna mashahidi wawili wa uwanja mmoja: mmoja kutoka kambi ya mfalme, mwingine mbali upande wa mto asikoweza kuona kilichotokea katikati, na Xenophon mwenyewe anamtaja Ctesias anapofika hapo. Maiti ya Cyrus ilikatwa kichwa na mkono wa kulia. Askari wa Ariaeus walipopata habari walikimbia hadi kituo walichotoka asubuhi.

Kesho yake Wagiriki, wakijiona washindi, walimtumia Ariaeus ujumbe: aje, nao watamketisha kwenye kiti cha enzi. Jibu lake ndilo sentensi ninayoiona kuwa nzito kuliko zote katika kitabu kizima cha Xenophon. Alisema wako Waajemi wengi walio bora kuliko yeye, na hao hawatavumilia awe mfalme. Wagiriki walidhani uwanja ulioachwa na adui unatosha kumtengeneza mfalme. Ariaeus, aliyezaliwa na kulelewa katika nchi ile, alijua kwamba bila damu ya ukoo wa kifalme wa Achaemenes na bila wakuu kukubali hakuna mkuki utakaomkalisha mtu pale hata wiki moja. Muda si mrefu alipatana na Artaxerxes, na miaka sita baadaye alikuwa mmoja wa watu waliotumiwa kumkamata Tissaphernes kwa amri ya mfalme huyohuyo.

Pingamizi kubwa zaidi ni la ule mkuki. Je, kama ungepita pembeni? Lau Cyrus angemuua kaka yake, pengine wakuu wangemkubali jioni ileile, kwa kuwa naye alikuwa mwana wa Darius na Parysatis. Sikatai. Kifo cha Artaxerxes kingewaacha wakuu bila mtu wa kumtetea, na ridhaa yao ingeweza kumwendea aliyebaki. Lakini hilo lenyewe linaonyesha kwa nini ilimpasa Cyrus, mwenye jeshi zima, kujitupa mwenyewe juu ya mwili wa ndugu yake kama mchezaji anayeweka mali yake yote katika kete moja. Ochus hakuhitaji kufanya hivyo. Mgombea mwenye wakuu nyuma yake anaweza kungoja, kujadiliana, kurudi nyuma, hata kushindwa siku moja. Cyrus hakuwa na siku ya pili, kwani Abrocomas alikuwa siku tano tu nyuma na jeshi jingine.

Wengine watasema kwamba Wagiriki wale walitoka hadi Bahari Nyeusi wakiwa maelfu, hata baada ya Tissaphernes kuwanasa majemadari wao kwa hila, na kwamba hiyo ni aibu ya dola. Isocrates, msemaji wa Athens, alilisema hilo mwaka 380 KK, na Polybius baadaye alihesabu safari hiyo miongoni mwa mambo yaliyomtia Philip wa Makedonia hamu ya kuivamia Asia. Lakini njia waliyopitishwa ilikuwa ya kaskazini, milima ya Wakarduchi ambao hawakumtii mfalme hata kabla, kisha theluji ya Armenia. Kuwasukuma nje kulitosha. Artaxerxes, anayedhaniwa kuwa amedhalilishwa Cunaxa, ndiye aliyewawekea Wagiriki masharti ya amani mwaka 386 KK, miji ya Asia ikarudi chini yake, na Sparta ikawa msimamizi wa mapatano yake. Kati ya Cunaxa na Gaugamela, mahali Alexander wa Makedonia alipoivunja dola hiyo, ipo miaka 70. Kuusoma mwisho wa dola ndani ya siku moja ya mwaka 401 ni kuhesabu kwa kurudi nyuma.

Hasara ya kweli ilikuwa kwingine. Misri ilianza kuasi chini ya Amyrtaeus karibu na mwaka aliokufa Darius II, na huko Elephantine, mpaka wa kusini, hati za Kiaramu bado zilitumia miaka ya Artaxerxes mwanzoni mwa utawala wake. Ndipo zikahamia kwa Amyrtaeus. Wanahistoria wengi wanaona kwamba jeshi la Abrocomas lililokuwa Foinike lilikusudiwa kwenda Misri, na ugomvi wa ndugu ukalivuta mashariki. Vita vya panzi neema ya kunguru. Ndani ya jumba damu iliendelea kumwagika: waandishi wa Kigiriki wanasimulia jinsi Parysatis alivyowatesa waliojigamba kumuua mwanawe, kisha akamtilia sumu Stateira, mke wa mfalme. Hadithi zao za malkia wakatili zina chumvi nyingi na si busara kuzibeba zote, ila kwamba nyumba ya Darius II iligawanyika hadi mwisho hakuna sababu ya kulitilia shaka.

Artaxerxes alitawala hadi karibu mwaka 358 KK, kwa muda mrefu kuliko mfalme mwingine yeyote wa ukoo ule. Miaka ya 360 maliwali kadhaa wa magharibi walimwasi, akiwemo Datames na Ariobarzanes, wakiwa na majeshi na mamluki wao. Walitaka majimbo na uhuru wa majimbo, na hakuna aliyefika Babiloni kudai taji. Lile swali la urithi mfalme alijaribu kulimaliza kwa kumteua mwanawe Darius hadharani angali hai. Darius akala njama dhidi yake na kuuawa, wana wengine wawili wakaangamia, na mdogo wao, Ochus mwingine, akapokea kiti kwa jina la Artaxerxes III. Waandishi wa Kirumi wanasema alianza kwa kuwaua jamaa zake kwa makumi. Ndiye aliyeirudisha Misri, takriban mwaka 343 KK, karibu miaka 60 baada ya Cunaxa, na Waajemi wakaishika kwa muda wa miaka kumi hivi tu kabla Alexander hajafika.